Kasuku wa Lubaba na Kijiti cha Mpingo

Inasimuliwa kwamba zamani, katika mji wa Wasit, aliishi fundi wa kukereza mbao aliyeitwa Wahb, Allah amrehemu. Alikuwa mcha Mungu, na kazi ya mikono yake ilikuwa laini hata nzi akitua huteleza.

Allah alimtwaa binti yake wa pekee, Lubaba, angali kigori. Kabla ya kukata roho, binti alisema: "Baba, kasuku wangu ni amana kwako." Ndege huyo alizoea kuiga sauti ya Lubaba, na nyumba nzima ikicheka. Tangu msiba ule, kila baada ya swala Wahb aliomba dua moja tu: "Ya Rabbi, ninyooshee mambo yangu." Na moyoni, Allah amsamehe, alinung'unika kwamba maisha yake yamepindwa bila kosa.

Kwa mapenzi ya marehemu, alivitupa vijiti vya mtini alivyoviweka Lubaba tunduni. Akakereza kijiti cha mpingo kilichonyooka, unene mmoja mwanzo hadi mwisho, akakisugua mafuta kikang'aa. Mafundi ndivyo walivyo, wakimpenda mtu humpigia randa.

Haukupita muda kasuku akanyamaza. Akawa anasimama kwa mguu mmoja, mara huu mara ule, na chakula hataki. Wahb alipomgeuza, aliona nyayo zimechubuka na kufanya vidonda.

"Amana ya mwanangu inanifia mikononi!" akalia, akakimbilia hariri ili akivishe kile kijiti.

Mkewe, Bi Rayta, akamzuia. "Baba Lubaba, usikivishe. Kitoe."

"Nikitoe? Sijapata kukereza kitu kizuri kama hiki!"

"Kizuri machoni pako, mume wangu. Yeye anakikalia kutwa kucha, na uzito wake wote unaelemea pale pale nyayoni. Umepata kuona mti ambao Mola aliujaalia tawi lililonyooka hivi?"

Wahb akakitoa kile kijiti. Alikwenda bustanini akakata matawi ya mtini na mkomamanga, manene kwa membamba, yaliyopindapinda na yenye magome yake. Mikono ilimwasha kuyalainisha, lakini akajizuia, akaondoa miiba tu. Kila asubuhi alimwosha ndege nyayo kwa maji ya uvuguvugu, akampaka asali. Kasuku alimng'ata hata damu ikamtoka, naye akasema "Alhamdulillahi" na kuendelea.

Asubuhi moja, Wahb akiwa bado juu ya mswala, kasuku alishuka kutoka tawi jembamba hadi nene, akalishika sawasawa kwa miguu yote miwili. Kisha akaita kwa sauti ya Lubaba, ile ile: "Baba! Umeshaswali?"

Wahb alilia hadi ndevu zikalowa. Alipoinua mikono kuomba dua yake ya kila siku, aliibadili. Akasema: "Ya Rabbi, sikuombi tena uninyooshee. Nipe tu miguu ya kushika pale unaponiweka."

Enyi waumini, tunapomtendea kiumbe wema, tuzitazame nyayo zake kabla ya kuitazama kazi yetu. Na anayeona leo tawi lake limepinda, asikate tamaa na rehema ya Mola wake. Huenda hapo ndipo kidonda chake kinapofunga.