Sukari ya Mstari wa Nne

Wapendwa, leo nitazungumza habari za choo. Naona mama mmoja pale nyuma ameshaweka leso mdomoni, na mzee wa kanisa hapa mbele ananitazama kama mtu anayeniandikia uhamisho. Nivumilieni. Choo kimenifundisha mengi. Mwaka mmoja nilialikwa mkutanoni katika nchi ya baridi, nikaingia msalani nikakuta bomba halina koki. Nikalitazama, nalo likanitazama. Nikaanza kulipungia mikono kama ninaliombea lipone, mpaka babu mmoja akaja, akaweka kiganja chini yake, maji yakatoka. Nilirudi kwenye kiti changu kimya, na siku ile sikuchangia hoja yoyote.

Basi, kulikuwa na meneja mmoja wa kiwanda cha kushona sare za shule. Chini yake walikuwepo akina mama mia moja na ishirini, wamekaa kwa mistari sita, kila mstari cherehani ishirini. Meneja huyu hakuwa mtu mbaya. Shikeni hilo, maana tukimfanya mbaya tutalala usingizi mnono na mfano huu hautatugusa. Alikuwa mtu wa ibada, tena mwenye uchungu na maji. Mji ule maji yalikuwa ya mgao. Majirani wa kiwanda walipanga madumu tangu alfajiri, huku vyoo vya kiwanda vikimwaga maji safi mchana kutwa. Jambo hilo lilimuumiza, na lilistahili kumuumiza.

Akaanza vizuri. Akabadilisha matangi ya vyoo, akaweka yale madogo yenye vitufe viwili, kimoja cha haja ndogo na kimoja cha kubwa. Akaweka mabomba yanayojifunga yenyewe. Akakinga mvua kutoka kwenye bati, maji hayo yakawa ndiyo ya kusafishia vyoo. Yale ya kunawia mikono akayaelekeza kwenye migomba nyuma ya kiwanda. Matumizi yakashuka kwa theluthi moja. Nani hapa angemlaumu? Mimi ningempigia makofi.

Kisha akasikia kuna cheti. Wakaguzi wanapita viwandani, na kiwanda kinachotunza maji kuliko vingine kinapewa cheti cha kutundika mlangoni. Ghafla theluthi moja haikutosha. Akawaza: vifaa nimeshabadilisha vyote, wamebaki watu. Akatundika ubao penye mlango wa vyoo. Kila anayeingia achore kijistari kwenye safu ya mstari wake. Mwisho wa mwezi, mstari wenye vijistari vichache unapewa sukari, kilo mbili kila mtu, mbele ya kiwanda kizima, pamoja na makofi. Hakumkataza mtu kwenda chooni. Ndugu zangu, hakumkataza hata mmoja.

Mstari wa nne ukashinda mwezi wa kwanza. Ukashinda na wa pili. Katika mstari huo palikuwa na mama mjamzito, mimba ya miezi sita, na ninyi mliozaa mnajua mtoto wa miezi sita anakalia wapi. Kila akiinuka, cherehani kumi na tisa zinapunguza mwendo.

"Shoga, tena?" jirani yake akamwambia. "Hata saa nne haijafika, mara ya pili hii. Mstari wa pili wanatufuata kwa vijistari saba tu."

"Si mimi, ni huyu wa tumboni."

"Basi mwambie hiyo sukari ni ya uji wake. Na yeye ajikaze."

Wakacheka. Yeye naye akacheka, akakaa.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye raba miguuni na daftari mkononi. Akajaribu mabomba, akachungulia tangi la mvua, akauliza habari za migomba. Matumizi yalikuwa yameshuka kwa theluthi mbili.

"Hongera, meneja," akasema. "Hili sijaliona popote." Cheti alikuwa nacho mkobani, bado tu kuandikwa jina.

Saa nane mchana ile, bati lilikuwa linawaka. Mkaguzi akashikwa na kiu. Akaona dumu la maji ya kunywa la mstari wa nne, lile la lita ishirini lenye koki, limewekwa juu ya kimeza, akaenda kujikingia. Kikombe kilikuwa kimefudikizwa. Alipokiinua, kiliacha duara safi, na kuzunguka duara lile vumbi la nyuzi limetanda kimeza kizima. Dumu lilikuwa limejaa mpaka shingoni.

"Haya maji ni mabaya?" akamuuliza aliyekuwa karibu. Ndiye yule mjamzito.

"Mazuri, mama. Yanachemshwa."

"Mbona hamnywi?"

Yule mama akamtazama meneja kwanza, kisha akainamia kola aliyokuwa akiishona. "Tukinywa, tutakwenda."

"Na wewe, katika hali hiyo? Kliniki hawajakwambia unywe maji?"

"Wameniambia. Nimeumwa ugonjwa wa mkojo mara mbili, nesi amenigombeza kweli, anasema mtoto anaweza kutoka kabla ya siku zake. Kwa hiyo nakunywa, mama." Alisema haraka haraka, kama mtu aliyeshikwa na kosa. "Nakunywa Jumapili."

Cherehani za karibu zikanyamaza. Mkaguzi akamgeukia meneja.

"Na wewe, leo umekunywa nini?"

Meneja alikuwa amekunywa chai vikombe viwili, na soda ya kumkaribishia mgeni. Choo chake kilikuwa ghorofani, karibu na ofisi yake, na kule hakukuwa na ubao.

"Nilitaka kuokoa maji," akasema.

"Umeyaokoa," mkaguzi akajibu. "Umeyatoa kooni mwao." Akafunga mkoba.

Wapendwa, najua mnataka kusikia mtoto alizaliwaje. Mfano ni wangu, nimeutunga mwenyewe. Ningeweza kumzalisha salama kwa sentensi moja, kilo tatu na nusu, sote tukapumua. Sitafanya hivyo. Nendeni naye nyumbani akiwa bado tumboni.

Na asitoke mtu hapa akasema mchungaji amekataza kutunza maji. Vyoo vyetu vya hapa kanisani vinavuja, na kamati ya ujenzi inanisikia. Matangi yale, mvua ile, migomba ile, ni kazi njema, na kesho ofisini kwako kaianze. Lakini sisi tuna tabia. Tukishamaliza kurekebisha vitu, tunaanza kubana watu, na tunawabana wale wasiosema. Halafu tunasimama mbele za Mungu na takwimu nzuri. Dada wa kazi nyumbani kwako hali sana, na wageni wakija unamsifu kwamba hana makuu. Umemuuliza? Mhudumu wa ofisini kwako haombi ruhusa hata siku moja, unasema huyu ndiye mfanyakazi. Umemuuliza? Sadaka iliyokatwa mwilini mwa mwenzetu, sisi tunaileta hapa mbele kwa jina la nani?

Nilipofika hapo katika kuandika mahubiri haya, Alhamisi, kalamu ikanigomea. Miaka mitatu sasa mke wangu hajaniomba kitu. Si kitenge, si nauli ya kwenda kwao. Mimi nimezunguka mikutano ya nchi tano kuzungumzia haki, na nikirudi namkuta vilevile. Nimewahi kusimama madhabahuni hapa nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwanamke anayeridhika. Mliitikia amina, na yeye alikuwa amekaa pale pale alipokaa leo. Ameniruhusu nilisimulie hili, lakini mpaka mahali fulani tu.

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia, "Mama Tumsifu, kuna kitu umeacha kuniomba?"

Akacheka. "Mchungaji, unaumwa?"

Nikarudia swali. Safari hii hakucheka. Aliepua maharage, akavuta kigoda akakaa, akafuta mikono yake kwa kanga taratibu sana, kisha akaanza kutaja.

Aliyoyataja sitayasema, hapo ndipo aliponiwekea mpaka. Nitawaambia tu kwamba yalikuwa mengi, na kila moja nilikuwa nimeshamshukuru Mungu kwa ajili yake, nikidhani ni baraka.