Bibi Aliyekataa Kubebwa

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, na wale walioko barazani wapate kivuli. Kina mama nyuma ya pazia, sauti inafika? Haya. Leo sitawachosha. Masika iko mlangoni, redio imeanza kutaja upepo, na mimi nimekuja na mfano mmoja tu.

Palikuwa na mkunga katika kijiji kimoja cha huku kwetu kusini, kijiji kilicholala kati ya mikoko na kilima kidogo chenye shule. Tumwite Bi Somoe. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, binti yake aliolewa mbali, naye akabaki peke yake katika nyumba ya miti na udongo, karibu kabisa na mikoko. Mikono yake ilikuwa imewapokea watu wengi kijijini pale. Ukiugua, Bi Somoe yuko kwako na uji. Ukifiwa, ndiye wa kwanza kutandika mkeka. Lakini yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumpelekea hata kikombe cha maji. Goti lake moja lilikuwa limekwisha, akitembea huku ameshika ukuta, na ukimuuliza anakwambia amelala vibaya tu.

Mnamjua mtu wa namna hii? Mnamjua. Wengine mmekaa naye hapo hapo.

Basi siku moja ikatangazwa kwamba kimbunga kinakuja, na kwamba bahari itapanda. Asubuhi ile hapakuwa na dalili kubwa. Anga ilikuwa ya rangi ya maziwa, mikoko imetulia, na bahari ilikuwa ikivuma chinichini kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Kipaza sauti cha msikiti kikasema kila mtu apande shuleni, achukue maji, achukue watoto, asisubiri mvua.

Akaja kijana mmoja, mkwezi wa minazi, jina lake Shaweji. Alikuja akisukuma baiskeli.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nimekuja kukuchukua. Panda nyuma, nitakusukuma taratibu mpaka shuleni."

Bi Somoe alikuwa amekaa kizingitini. Alimtazama kijana, akaitazama baiskeli, akaona picha yake mwenyewe amekalishwa pale kama gunia la mkaa, anapitishwa mbele za watu. Akatabasamu.

"Nenda kwa wenye watoto wadogo kwanza. Mimi nitakuja kwa miguu yangu."

"Kweli, Bibi?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Shaweji akaenda. Baadaye wakapita wanawake na mabunda yao kichwani, wakasimama kumwita. Bi Somoe hakutoka mikono mitupu. Aliwapa blanketi lake la kupokelea watoto, akawapa dumu la maji, akawapa na mkate wa kumimina uliobaki. "Tangulieni," akasema, "nafunga madirisha nawafuata." Wakaondoka wakimsifu njia nzima.

Sasa nawauliza, huu si wema? Mtu anatoa blanketi lake, anatoa maji yake, anasema waanze wengine. Ngojeni.

Mvua ilikuja kwa ubavu. Upepo nao ukafuata, na mchana ukawa mweusi. Bi Somoe alijaribu kusimama ili aende kama alivyosema, goti likakataa. Akakaa kitandani, akajifunika khanga, akasikia makuti yakinyanyuka na kushuka, yakinyanyuka na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Hakuogopa sana. Alikuwa kama mtu aliye mbali. Mara akasikia maji yakiingia chini ya mlango, taratibu, bila kelele, kama mgeni asiyetaka kuamsha wenyeji. Kandambili zake zikaelea zikapita katikati ya chumba, moja mbele, moja nyuma, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana amezivaa anakwenda zake. Kikafuata kibao cha mbuzi. Ukafuata ungo, ukizunguka polepole. Naye akavitazama vyote vikipita, akawaza, basi ndivyo inavyokuwa, kumbe ni laini hivi.

Kisha upepo ukakatika.

Ukakatika ghafla, kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema. Mwanga wa manjano ukaingia kwenye nyufa za ukuta. Nje ndege wa baharini walikuwa wametua kila mahali, juu ya mikoko, juu ya paa la jirani lililoanguka, wamenyamaza. Katika ukimya ule Bi Somoe akasikia miguu ikichapa maji, na sauti ya mwanamke.

"Hodi humu ndani."

Alikuwa Rukia, binti aliyejifungua kwa mkono wake juzijuzi tu. Maji yalimfika mapajani. Nyuma yake walikuwapo wanaume wachache, na Shaweji akiwa mbele yao.

"Ilikuwaje mkatoka?" Bi Somoe akauliza. "Lakini si imekwisha? Imetulia."

"Haijaisha, Bibi. Tumo ndani ya jicho lake," Shaweji akajibu. "Redio imesema upepo unarudi, na utarudi kutoka upande wa pili. Hatuna muda."

"Basi rudini haraka. Mimi maji yatashuka hapa, nitawafuata."

Wale wanaume walikuwa wamesimama kwa aibu, wakiziba mlango kwa miili yao, na Bi Somoe akajua kuna kitu wanamficha. Akawaambia wasogee. Wakasogea. Na pale nje, juu ya maji, mabegani mwa wawili waliobaki, akaliona jeneza. Kile kitanda chetu cha msikitini, ndugu zangu, tunachobebea maiti.

"Mmeniletea jeneza," akasema polepole, "nami bado napumua?"

Shaweji akainamisha kichwa. "Baiskeli haipiti, Bibi. Mgongoni hatutafika, maji yanavuta. Tulitafuta kitu cha kukulaza, tukapita msikitini, tukaliona hilo. Tusamehe."

"Sipandi."

Wanaume wakatazamana. Lakini Rukia akaingia, akasogeza chandarua, akaketi kitandani bega kwa bega na Bi Somoe, miguu yake ndani ya maji.

"Mwanao yuko wapi?" Bi Somoe akamwuliza.

"Shuleni kwa dada yangu. Analia, anataka kunyonya."

"Na wewe umekaa hapa unafanya nini?"

"Nimekaa. Ukiondoka nitaondoka. Ukibaki nitabaki."

"Rukia, usinifanyie hivyo."

"Bibi, siku ile ya uchungu nilibana mapaja nikasema usinitazame, naona aibu. Ukaniambia nini?"

Bi Somoe alitazama chini. Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Nilikwambia aibu haijawahi kuzaa mtoto."

"Ndiyo. Nami nikakubali mikono yako."

Nje ndege mmoja akaruka, na wengine wakaanza kuruka. Bi Somoe akashusha pumzi, akanyoosha mikono yake miwili mbele kama mtoto anayetaka kupakatwa, akasema, "Haya. Nibebeni."

Wakamlaza juu ya jeneza, wakamfunga kwa khanga asije akateleza, wakamnyanyua. Na hapo, ndugu zangu, likatokea jambo la ajabu. Wanaume wale walikuwa hawajawahi kubeba jeneza ila kwa mazishi, na miguu yao ikashika mwendo ule ule. Bega likichoka, mwingine anaingia chini bila kuambiwa. Mmoja wao, kwa mazoea tu, akaanza kuvuta dhikri ya mazishi, akashtuka akanyamaza. Sauti ikatoka juu: "Endelea, baba. Hata aliye hai anaihitaji."

Wakaendelea. Wakapita ndani ya mwanga ule wa manjano, maji yametulia pande zote, minazi iliyokatika imesimama kama nguzo za jengo lililosahaulika. Juu kabisa palikuwa na duara la anga safi, la buluu, na kandokando yake ukuta wa mawingu ukizunguka polepole. Bi Somoe hakujua kama amelala au yu macho. Alijisikia mwepesi. Akageuza shingo akatazama chini, akaona vichwa vya watu waliombeba, vimelowa, nywele zimeshikana. Akavitambua. Vingi kati ya vichwa vile, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kuvigusa. Hapo ndipo alipolia, na mvua haikuwapo ya kumfichia machozi.

Walikuwa wanapanda kilima upepo uliporudi. Ulikuja kutoka nchi kavu, kama walivyoambiwa. Mlango wa darasa ulikuwa wazi, watu wamenyoosha mikono kuwapokea. Jeneza likaingia, Rukia akaingia, wengine wakaingia. Shaweji alikuwa wa mwisho. Bati liliruka likitoka sijui kwa nani, likamkata mkono juu ya kiwiko, likapita.

Kimbunga kilipokwisha, nyumba ya Bi Somoe haikuwapo tena. Watu wote walikuwa hai. Jeraha la Shaweji likafungwa, baadaye likashonwa hospitalini, lakini vidole vyake havikushika tena vizuri. Na mkwezi bila vidole haangushi nazi, ataanguka yeye.

Jioni moja Bi Somoe akaenda kumwona. Safari hii alikwenda ameshikwa mkono na Rukia. Akakaa kando ya kitanda chake.

"Ungeniacha," akasema.

"Ningekuachaje, Bibi?"

"Asubuhi ile njia ilikuwa kavu. Ningepanda baiskeli yako, leo ungekuwa juu ya mnazi."

Bi Somoe hakutaka kufarijiwa. Alishika mkono ule uliofungwa, akauweka mapajani mwake mpaka jua likazama.

Mmesikia? Wale wanawake walimsifu mama huyu asubuhi, alipotoa blanketi na kusema waanze wengine. Na ni neno lile lile lililomkata Shaweji mkono. Kwa nini? Kwa sababu hakulisema kwa ajili ya wengine. Alilisema ili asionekane anabebwa. Kiburi, ndugu zangu, si lazima kivae kilemba kirefu. Mara nyingine kinavaa khanga ya msaada, kinagawa uji, na watu wanakiombea dua.

Tunajua kutoa sisi, alhamdulillahi. Kupokea ndiko kunakotushinda. Jirani anagonga, anasema toka, bahari inapanda. Sisi tunasema niko sawa, tangulia. Tunadhani tunampunguzia mzigo. Kumbe tunaufunga mzigo ule ule, tunauweka kando, aje aubebe baadaye, usiku au ndani ya maji, akiwa hajui kama atarudi kwa mwanawe. Anayetoka mapema, njia ingali kavu, huyo amewasaidia wenzake kabla hawajamsaidia.

Na wewe uliyekwenda kugonga, ukaambiwa niko salama, usiridhike upesi. Ingia. Kaa kitandani. Mwambie, ukibaki nitabaki.

Lile jeneza letu liko pale nyuma, mnaliona mkigeuka. Kila mmoja wetu atalipanda. Siku hiyo hatutaulizwa, na hakuna hata mmoja atakayeinua kichwa aseme, nendeni kwa wengine kwanza. Mabega tutakayobebwa nayo ni haya haya yatakayogusana leo katika safu. Basi tuyakubali tungali tunapumua, tukiweza bado kusema asante.

Simameni tujipange. Na mkitoka hapa, kabla ya kufika nyumbani, kila mtu apite kwa jirani yake amwulize: siku ikifika, nikija kukuchukua, utapanda?