Kaburi la Bibi Johari

Wa barazani mnanisikia? Sogeeni ndani basi, nafasi ipo. Leo nina mfano wa mtu mmoja, na nawaomba msihangaike kumtafuta ni nani. Kila mtu ajitafute mwenyewe.

Palikuwa na bwana mmoja mjini Pangani, muuza mbao, mtu wa heshima zake. Msiba haumpiti, harusi haimpiti. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ukimuuliza asili yake, atakwambia, "Sisi wazee wetu walitoka Arabuni." Alilisema hilo miaka mingi mpaka mwenyewe akaliamini.

Lakini nyumbani mwake alikaa shangazi yake, Bi Somoe, dada wa marehemu baba yake, na yeye alijua habari nyingine. Bi Somoe alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alimsimulia habari za mama aliyemzaa yeye bibi, aliyeitwa Johari. Johari hakutoka Arabuni. Alikamatwa huko Upare, msichana bado, akaswagwa na msafara mpaka Pangani, akauzwa, akalimishwa miwa ng'ambo ya mto mpaka umri ukamwishia huko. Hata hilo la Johari ni jina alilopewa na aliyemnunua. Jina la kwao alimwachia bintiye, na binti akamwachia Bi Somoe, akamwonyesha na kaburi. Ikawa kila Ramadhani inapokaribia, Bi Somoe anavuka mto, anafyeka majani, anamwombea Johari, anarudi.

Umri ukasonga, miguu ikaanza kumsumbua. Akamwita mtoto wa kaka yake.

"Baba, nivushe mto. Nataka nikuonyeshe alipolala bibi yetu, maana mimi siwezi tena."

"Shangazi, leo nina wageni."

Akamwambia tena siku nyingine. Bwana akajibu, "Mambo ya utumwa yamekwisha, Shangazi. Mbona unataka kutuaibisha?"

Jamani, nani alikuwa na aibu hapo? Aliyeuzwa, au aliyemuuza? Na huyu anayemficha, tumweke upande gani?

Ikaja harusi ya binti wa bwana huyu, na wakwe walikuwa watu wakubwa. Bi Somoe akajikongoja mpaka chumbani kwa bi harusi, akakaa kando yake, akaanza kumwambia, "Mjukuu wangu, kabla hujatoka nyumba hii, ujue jina la bibi yako. Kwao ni milimani, Gonja, Upare, na jina lake..."

Baba mtu alikuwa anapita mlangoni. "Shangazi! Leo? Mbele ya wakwe?" Akamshika mkono, akamtoa.

Bi Somoe hakugomba. Alisema tu, "Basi, baba. Nimenyamaza." Na kweli alinyamaza. Walimzika mwaka uliofuata, na jina akaenda nalo.

Baada ya muda yule binti akapata ujauzito. Akaja kwa baba yake akamuuliza, "Baba, siku ile bibi alitaka kuniambia jina gani? Nikijaliwa mtoto wa kike nataka nimpe hilo."

Bwana hakuwahi kuliuliza. Hakulijua. Hapo ndipo kosa lake lilipomwingia. Siku ile ile alivuka mto, akawauliza watu wa kule, waliozaliwa pale na kuzeekea pale. Mzee mmoja akamwelekeza kwa mkono, "Makaburi ya watumwa yalikuwa upande ule. Mengine yalishapotea zamani, hayakuwa na mawe. Lilibaki moja, kuna mama mmoja alikuwa anakuja kulifyeka. Alipoacha kuja tukajua wenyewe wamekwisha. Shamba likapimwa upya, trekta likapita."

Akaenda kutazama. Mahindi, safu kwa safu. Hakujua hata asimame wapi kusoma dua.

Akasema nafsini mwake, angalau niende Gonja, alikokutaja Shangazi siku ile ya harusi, niwape watu wake habari. Alipanda milima ile akiuliza nyumba hadi nyumba, kama kuna ukoo uliopotelewa na msichana zama za misafara. Watu wakampeleka kwa bibi mmoja mkongwe. Bwana akamwamkia, akaeleza alikotoka. Yule bibi akainuka akamwongoza mpaka nyuma ya nyumba, ndani ya migomba.

Pale palikuwa na kaburi. Limezungushiwa mawe, limefagiliwa.

"Huyu ni Nakijwa," yule bibi akasema. "Alishuka tambarare kwenda sokoni, hakurudi. Mama yake alimngoja mpaka akazeeka. Alipokuwa anakata roho alisema, mtoto wangu msimwache nje, mzikeni. Mwili hatukuwa nao, baba. Wazee wetu wakakata mgomba, wakauvika nguo yake aliyoiacha nyumbani, wakauzika hapa. Tunapafagia mpaka leo."

Bwana akalia. Yule bibi akamwachia alie. Kisha akamshika bega akamuuliza, kwa upole kabisa, "Na ninyi, mwanangu, mliokuwa naye mwenyewe, mlimlaza wapi? Tupelekeni tukamwone."

Mngemjibu nini? Yule bwana alikaa chini kwenye majani makavu ya migomba.

Binti yake alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Nakijwa. Jina walilipata, kwa hisani ya watu ambao hawajawahi kumwona Johari. Kaburi hawakulipata, na hawatalipata.

Ndugu zangu, sikuja kuwatolea hukumu ya kuzika mgomba. Niulizeni siku nyingine. Leo nauliza habari zetu sisi. Wale hawakuwa na kitu, wakatunza. Sisi tulikuwa na mtu mzima, na mifupa yake, na mzee nyumbani anayejua kila jambo, tukamwambia nyamaza kuna wageni. Tunasema tunaunga udugu, na aliyetuzaa tunamkata kwa sababu alifungwa minyororo. Minyororo aliivaa yeye. Sisi imetudhuru nini hata tumkane?

Wengi humu ndani mnainamisha vichwa kwa sababu wa kwenu wamekwisha kuondoka. Naelewa, hata mimi sina dawa ya hilo. Muombeni Mungu msamaha, na mwombeeni msiyemjua jina. Yeye Mola wake anamjua.

Lakini wewe ambaye bado unaye, usinisubiri nimalize dua. Inuka. Nenda nyumbani ukakae chini, karibu na miguu yake, umwambie, "Bibi, nimekuja. Sema."