Fisi Aliyeficha Mwisho wa Kitabu

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona sauti ndogo hivyo, mmefunga? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na kitabu!

Cha nani?

— Cha wote!

Na sasa kiko wapi?

— Tuambie wewe!

Haya, nawaambia. Ila atakayelia asije kuniomba leso.

Hapo zamani, wala si zamani sana, wanyama wa Majabali Mekundu walikuwa na chama cha kusoma. Chama kilianza kwa bahati tu. Lori lilipita njia ya bondeni, likaruka shimo, gunia likaanguka, pu! Ndani ya gunia mlikuwa na vitabu vitatu vya hadithi ya msichana mmoja aitwaye Mwanaheri. Mwanaheri alikuwa na miaka kumi na sita. Mfalme wa Majivu alimwibia kivuli chake, naye akafunga safari kukifuata kupitia milango saba, na kila mlango ulisemekana kuwa na mlinzi atemaye moto. Vilikuwa vitabu vya vijana. Lakini pale majabalini nani alikuwa kijana? Mwenyekiti wao, Mzee Kobe, alisema yeye anasikiliza kwa ajili ya watoto tu. Na kila Mwanaheri alipoumia, Mzee Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, ndwi, na gamba likasikika likipenga kamasi.

Nakala moja tu ya kila kitabu, wasikilizaji wengi. Basi wakaweka desturi mbili. Ya kwanza, kila Jumamosi alasiri mmoja anawasomea wote, na baada ya hapo mwenye zamu anakwenda kukaa na kitabu kwake wiki nzima, ila hatangulii kurasa. Ya pili, sura ikianza haikatizwi. Mvua inyeshe, siafu wakung'ate, sura haikatizwi. Siku moja Kanga alishikwa na yai katikati ya sura. Alitaga kimya.

Walikuwa wakikutana mlangoni pa pango la Bi Pimbi, na sababu ilikuwa Sikitu. Sikitu alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Pimbi, na mwaka ule wa ukame ulimwangusha. Kwanza aliacha kuruka mawe, kisha akaacha kula, kisha akaacha hata kukaa. Ila Jumamosi masikio yake yalisimama. Alilala ndani karibu na mlango, akisikiliza, na kila sura ilipokwisha aliuliza neno lile lile:

"Na kisha, mama?"

"Jumamosi ijayo, mwanangu."

Bi Pimbi alijulikana kote kwa maneno. Aliwahi kumshawishi chui kwamba pimbi ni sumu. Lakini kwa ugonjwa ule maneno hayakufaa kitu, naye alijua. Alihesabu sura zilizobaki, akamtazama mwanawe, akahesabu tena. Aliomba kitu kimoja tu: Sikitu afike mlango wa saba. Baada ya hapo hakujua aombe nini.

Kitabu cha tatu kilipokaribia mwisho, zamu ikamwangukia Fisi.

Nyote mnamjua Fisi. Mkubwa, mwenye nguvu, hakuna anachokikataa. Alichukua kitabu Jumamosi. Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu alikuja mikono mitupu, tumbo mbele, akicheka.

"Yiii-hi-hi! Wanachama wenzangu, nimetangulia kurasa. Nimesoma mpaka mwisho. Najua kila kitu. Sasa leteni chakula, la sivyo namwaga mtama!"

Wanachama walishikwa na hofu. Miaka miwili wanausubiri mwisho ule, halafu waambiwe na kinywa kile chenye harufu ile?

Fisi akamwendea Kanga. "Leta, au niseme?"

"Usiseme, Bwana Fisi, usiseme!" Kanga akatoa mayai mawili. Kwacha, kwacha, yakaliwa na maganda yake.

Akamwendea Nungunungu. "Leta, au niseme?"

"Usiseme, Bwana Fisi, usiseme!" Nungunungu akatoa kipande cha ngozi kavu alichokiweka akiba. Nyafu, nyafu, kikaliwa.

Akamwendea Mzee Kobe. "Leta, au niseme?"

"Usiseme, mwanangu, usiseme!" Mzee Kobe hakuwa na kitu, akatoa kivuli alichokuwa amekalia. Fisi akajilaza kivulini, mzee akabaki juani.

Ikawa hivyo kila siku. Anayemwona Fisi anaziba masikio na kutoa alicho nacho. Njaa ikazidi, na kitabu hakuna. Na ndani ya pango Sikitu akauliza, kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, amefika mlango wa saba?"

"Bado njiani, mwanangu. Barabara mbovu."

Jumamosi iliyofuata wanachama walikusanyika kwa mazoea tu, masikio yamezibwa kwa majani. Fisi akaja, akawapita wote, akasimama mbele ya Bi Pimbi.

"Leta, au niseme?"

"Nilete nini, Bwana Fisi? Kwangu hata nyasi zimekwisha."

Fisi akanusa mlango wa pango. Akanusa tena, polepole, akalamba midomo.

"Nasikia una mgonjwa, mama Sikitu. Nasikia hajiwezi. Mimi si mkatili, sikudai leo. Siku akikata roho, usimzike. Uniite."

Kanga alitoa sauti kama amekanyagwa. Bi Pimbi alitamani kumrukia yule mnyama na kumng'ata pua hata kama ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho. Lakini akakumbuka kitu. Wenzake wote walikuwa wanauogopa mwisho ule. Yeye peke yake alikuwa anautaka. Akajitupa chini, akagaagaa vumbini, gara-gara-gara.

"Oo, Bwana Fisi! Nidai ngozi yangu! Nidai meno yangu! Lakini nakushika miguu, usiniambie habari za mlango wa saba!"

"Kwa hiyo mtoto utanipa?"

"Mtoto sikupi."

"Basi nitasema!"

"Usiseme! Na kama lazima useme, usisemee hapa mlangoni! Pango langu lina mwangwi, kila neno litaingia mpaka ndani, nitalisikia mwezi mzima, nitakufa! Nong'ona tu, baba, simama mbali!"

Mwambie fisi asifanye jambo, ndipo atalifanya. Fisi akaingiza kichwa kizima mlangoni mwa pango, akavuta pumzi, akanguruma.

"SURA YA MWISHO! Mwanaheri akafika mlango wa saba!"

Ndani, gizani, masikio mawili madogo yakasimama. Bi Pimbi aliyaona. Akaendelea kulia kwa sauti, "Uwii, nakufa, usiseme!", na huku anaomba kimoyomoyo: sema, mlaaniwa wewe, sema yote.

Fisi akasema. Akasema jinsi mlango ulivyokuwa wa majivu matupu, na hauna mlinzi. Akasema jinsi Mwanaheri alivyosikia kivuli chake kikimwita kutoka ng'ambo, kwa sauti yake mwenyewe alipokuwa mdogo. Alisimulia vizuri, mshenzi yule. Jani la kwanza likadondoka sikioni mwa Kanga. Likafuata la Nungunungu. Mzee Kobe akatoa kichwa.

"Mwanaheri akanyoosha mkono," akanguruma Fisi, "akashika komeo, na..."

Wote wakainama mbele.

"Na..." akasema Fisi. "Na, na..."

"Na kisha?" ikauliza sauti ndogo kutoka ndani.

Fisi akatoa kichwa pangoni. "Yaliyobaki kesho. Nimechoka."

"Sura haikatizwi," akasema Mzee Kobe.

"Mzee, koo limekauka."

"Sura haikatizwi!" wakasema wote, wakasogea.

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akajaribu kucheka, na badala ya kicheko ikatoka mbweu, beuuu! na pamoja na mbweu kikaruka kipande cha karatasi, kikatua mbele ya Kanga. Kilikuwa na nusu ya neno.

"Gundi," Fisi akasema kwa sauti ya chini. "Gundi ya mgongo wa kitabu. Ilinukia ngozi ya ng'ombe. Nililamba kidogo tu. Usiku ule sikuwa nimekula. Nikalamba tena, na kurasa za nyuma ndizo zilizobandikwa kwa gundi nyingi. Nilitaka kusoma kwanza, haki ya Mungu. Nilifika kwenye komeo."

"Na kurasa nyingine?" wakauliza.

"Nyingine nilikula baadaye. Nilipoona kitabu kimeshaharibika."

Kwa hiyo wiki nzima, katikati ya njaa, walikuwa wamelipa ili wasiambiwe kitu ambacho hakuna ajuaye. Nungunungu alikuwa wa kwanza kusimamisha miiba, chaka-chaka-chaka. Fisi alikimbia, mkia katikati ya miguu, na miiba mitano matakoni. Hakuonekana tena majabalini, maana hakuwa na cha kumtisha mtu, na aliyeaibishwa mbele ya chama harudi chamani.

Wakashangilia. "Hoye, Bi Pimbi! Hoye! Akili ni mali!" Kanga akacheza. Walitaka kumbeba juu juu.

Bi Pimbi alisimama katikati ya vigelegele akahisi anazama. Yeye hakufanya hila ile ili kumfukuza Fisi. Alikuwa anataka ukurasa mmoja. Ukurasa ule ulikuwa umeshakuwa mavi ya fisi porini, yakikaushwa na jua. Akawaacha wakishangilia, akaingia ndani.

Sikitu alikuwa amefumbua macho. Miguu yake ilikuwa baridi.

"Akashika komeo, na kisha, mama?"

Mwenye kumdanganya chui akasogea karibu. Akakaa chini, akamweka mwanawe kifuani.

"Na kisha mlango ukafunguka, kiii. Mwanaheri akakiona kivuli chake kimekaa kwenye jiwe. Akakiambia, umekonda, njoo ule kwanza."

Sikitu akatabasamu kidogo. "Hiyo si ya kitabuni."

"Umejuaje?"

"Kitabuni hawaambiani njoo ule. Hiyo ni yako."

Bi Pimbi machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Basi niache?"

"Mama," akasema Sikitu, "sura haikatizwi."

Basi akaendelea. Akasema jinsi kivuli kilivyoinuka, na jinsi kilivyokuwa kizito kukibeba, na jinsi Mwanaheri alivyokibeba hivyo hivyo. Akasema mlango wa sita, na wa tano, wakirudi. Nje, vigelegele vikafifia, maana Mzee Kobe alisikiliza, akasikia sauti moja tu ikisema, na hakuna sauti ya kuuliza na kisha. Akawanyamazisha wenzake kwa kichwa. Wakaja mmoja mmoja, wakakaa mlangoni mahali pao pa Jumamosi.

Bi Pimbi alijua. Alijua tangu mlango wa nne, masikio yalipolala. Lakini alimpeleka Mwanaheri mlango wa tatu, na wa pili, na wa kwanza, akamfikisha kwao, akamkalisha, akampa chakula. Hakuruka hata mlango mmoja. Hakuna aliyemkatiza.

Haya, watoto, hadithi hii inatufundisha nini?

— Tusiwe walafi!

Wapi! Fisi alikula kitabu kizima, na mpaka leo yu hai, ana afya, anacheka. Sikitu alikipenda kitabu kile kuliko chakula, na yuko chini ya mawe, alipozikwa na chama kizima. Basi funzo ndilo hilo: msisome vitabu vya vijana. Vileni, tena muanzie nyuma.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeiona tamu aende nayo kwao, aliyeiona chungu aniachie, mimi nimeizoea.

— Na kisha?

Nani ameuliza hivyo? Kaa chini. Nani ameuliza?