Ngiri na Nusu ya Hukumu

Jamani, nina ngano!

— Itoe tuione!

Ina miguu mirefu!

— Tutatembea nayo!

Basi sogeeni karibu, na aliye na kikohozi akohoe sasa hivi.

Hapo kale, kale sana, zamani za wanyama kushitakiana kwa maneno badala ya kuumana, kulikuwa na bonde linaitwa Mivumoni. Humo aliishi Ngiri na mumewe na watoto wao. Shimo lao lilikuwa zuri. Lilichimbwa na babake Ngiri, na mlango wake ulitazama upande wa mtoni, hata asubuhi ukitoka tu unaona maji.

Mwaka mmoja kiangazi kikakaza. Moto ukatoka kusini, ukala nyasi, ukala vichaka, ukaja mbio. Mume wa Ngiri akasema, "Mama watoto, tangulia nao. Mimi nitawafuata." Ngiri akatangulia na watoto, mkia juu, moshi nyuma yao. Mumewe hakuwafuata. Hakuonekana tena.

Ngiri akavuka kilima, akavuka kilima kingine, akafika nchi ya mawe. Huko akalala chini ya jiwe kama mpita njia. Alikuwa na mimba, akajifungua huko huko ugenini, mtoto wa kike.

Yule mtoto alipokua kidogo akawa na swali lake, kila jioni ni hilo hilo.

"Mama, nyumbani kukoje?"

"Nyumbani ni shimoni."

"Shimo likoje?"

"Udongo wake ni mwekundu. Ukilala mgongo unapoa."

"Sasa mbona hatuendi?"

Ngiri aligeukia upande wa bonde akaimba, nanyi niitikieni:

Shimo langu, shimo langu,
— nani analala kwangu?
Udongo wa baba yangu,
— nautaka, nautaka.

Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Ngiri akasikia kwamba bonde limeota majani. Akawachukua watoto wake, akarudi. Akaufikia mlango wa shimo lake. Akainama achungulie.

Ndani kukatoka kicheko.

"Nani huyo?" akauliza Fisi.

"Ni mimi, Ngiri. Hapa ni kwangu."

"Palikuwa kwako," Fisi akasema. "Uliondoka. Mimi nimekaa, nimepanua, nimezoea. Nenda zako, mama."

Ngiri hakupigana. Alikwenda kushitaki.

Sasa, huko Mivumoni kulikuwa na mabaraza mawili. La kwanza lilikaa bondeni, na hakimu wake alikuwa Nyati. La pili lilikaa mlimani, nalo ndilo kubwa. Asiyeridhika na Nyati alipanda mlimani kukata rufaa. Neno likisemwa mlimani, Nyati analifuata katika kila shauri linalofanana na lile. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Ngiri akasimama mbele ya Nyati, akaeleza yote. Moto, mume, mawe, mtoto aliyezaliwa ugenini. Wanyama wakasikitika. Hata Nyati akashusha pembe.

Kisha Fisi akasimama, mpole kabisa.

"Mheshimiwa, kwa kweli hata mimi namhurumia dada yangu. Lakini jambo hili lilikwisha kukatwa mlimani zamani, katika shauri la Nungunungu na Kakakuona. Nungunungu aliondoka shimoni kwake, mvua zikapita, Kakakuona akaingia akalitengeneza. Nungunungu aliporudi akalidai. Baraza la mlimani likasema: aliyeliacha shimo mvua zikapita, shimo si lake tena, ni la aliyelitengeneza. Ndivyo walivyosema. Sababu ya kuondoka hawakuiuliza."

Nyati akawatazama wanyama. "Kuna anayelijua neno hilo?"

Wanyama wakaitikia, "Ndiyo, tulilisikia."

Nyati akamgeukia Ngiri, akasema, "Bibi Ngiri, moyo wangu uko kwako. Lakini mimi niko chini ya mlima. Nikilipinda neno lao leo kwa sababu nakuonea huruma, kesho atakuja mwingine alipinde kwa sababu anakuchukia. Shimo ni la Fisi. Kama huridhiki, panda mlimani. Mwezi ukiandama watakaa."

Ngiri akatoka. Watoto wakamfuata. Yule mdogo, ambaye hakuwahi kuingia nyumbani kwao, akauliza, "Mama, ndiyo basi?"

Ngiri akakaa chini akalia. Alipokwisha kulia akafikiri. Akasema moyoni, "Wazee wale wa mlimani hawakuwa mawe. Haiwezekani wasiulize sababu. Nitamtafuta aliyekuwapo."

Akaenda kwa Kasuku.

"Kasuku, siku ya hukumu ya Nungunungu ulikuwapo?"

"Nilikuwapo! Aliyeliacha shimo mvua zikapita, shimo si lake tena!"

"Na baada ya hapo?"

"Aliyeliacha shimo mvua zikapita, shimo si lake tena!"

"Kasuku, nakuuliza baada ya hapo."

Kasuku akajikuna shingo. "Baada ya hapo upepo ulivuma, dada. Sikusikia."

Akaenda kwa Mbuni.

"Mbuni, siku ile ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, ndiyo. Nilisikia kwamba Kakakuona kashinda, nikatimua mbio kwenda kuwapa wengine habari."

"Hukungoja mwisho?"

"Mwisho wa nini tena, na mshindi tumeshamjua? Wengi tuliondoka." Mbuni akasita kidogo. "Niliyemwona amebaki ni Nungunungu. Yeye alikuwa hana pa kwenda."

Ngiri akauliza anakoishi. Akaambiwa ng'ambo ya kilima, katika ufa wa mwamba, na kwamba tangu siku ile hajarudi Mivumoni. Ngiri akawaacha watoto kwa jirani, akaenda.

Alimkuta Nungunungu mlangoni pake. Miiba yake ilikuwa imeanza kuwa myeupe, naye alikuwa ameelekea bondeni, ingawa kutoka pale bonde halionekani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Mivumoni."

Nungunungu akageuka upesi. "Mivumoni! Mto bado una maji?"

"Unayo."

"Na miti ile ya mivumo?"

"Mingine iliungua. Mingine imesimama."

Nungunungu akavuta pumzi. Akamkaribisha, akampa mzizi wa kutafuna, akamsikiliza. Ngiri alipofika kwenye maneno ya Fisi, miiba ya mzee ikasimama yote.

"Hivyo ndivyo alivyosema? Akaishia hapo?"

"Aliishia hapo, mzee."

"Fisi alikaa mbele siku ile. Mbele kabisa, mpaka mwisho!" Kisha miiba ikalala taratibu. "Mwanangu, hukumu ile naijua neno kwa neno. Naisikia nikila, naisikia nikilala. Waliosikia ushindi walikwenda kushangilia. Mimi nilikaa mpaka neno la mwisho, nikidhani labda mwishoni watanihurumia."

"Na neno la mwisho lilikuwa nini?"

Nungunungu akamwambia.

Ngiri akaruka kwa furaha. "Mzee, twende ukaliseme mlimani!"

Nungunungu akatikisa kichwa. "Usiniombe hilo. Nikilisema, itabidi niseme mbele ya watu wote kwamba mimi niliondoka mwenyewe. Nilisikia ng'ambo kuna viazi vitamu, nikawaambia majirani anayelitaka shimo langu alichukue. Nilicheka nikisema hivyo. Viazi vikaisha. Unataka nikashindwe mara ya pili, na Kakakuona ananitazama?"

Ngiri hakumlazimisha. Aliaga, akaanza kurudi, na njiani akaimba:

Shimo langu, shimo langu,
— nani analala kwangu?
Udongo wa baba yangu,
— nautaka, nautaka.

Nungunungu akausikia wimbo ule. Alivumilia ubeti wa kwanza, alivumilia wa pili. Wa tatu ukamshinda. Akasimama akaita, "Mwanangu, ningoje! Miguu yangu mizito."

Mwezi ulipoandama, baraza la mlimani likakaa. Tembo, bibi mzima, alikuwa katikati, Twiga kulia kwake, Pofu, yule swala mkubwa, kushoto. Fisi akayarudia maneno yake yale yale, kwa upole ule ule, akaishia pale pale.

Tembo akasema, "Sisi shauri lile hatukulikata. Walilikata waliotutangulia, na wameshakufa. Lakini tumekaa mahali pao, na neno lao ni letu. Nani anajua kama neno limeishia hapo?"

"Mimi," akasema Nungunungu. Akapita katikati ya wanyama, miiba yake ikisema cha, cha, cha. "Ni mimi niliyeshindwa."

Wanyama wakageuka wote kumtazama.

"Walipokwisha kusema shimo si langu, waliongeza hivi. 'Nungunungu, uliondoka kwa hiari yako. Hakuna aliyekufukuza. Mwenyewe ulisema anayelitaka alichukue. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo tu, shimo si lako tena, ni la aliyelitengeneza. Lakini ungefukuzwa na moto, au maji, au meno ya adui, tungekurudishia, hata ungekaa mbali miaka na miaka. Aliyekimbia kuokoa roho hajaacha kwake.' Wakaishia hapo. Nami nikaondoka."

Tembo akauliza, "Nani mwingine aliyasikia?"

Kakakuona akajikunjua polepole. "Mimi, bibi. Nilikuwa nanyonyesha. Waliposema habari ya moto nilitetemeka, nikadhani watanitoa. Maneno ndiyo hayo."

Fisi akaona anazidiwa, akarukia kwingine. "Waheshimiwa! Haya, na yawe yamesemwa. Lakini siku ile kulikuwa na moto? Hakukuwa na moto. Kulikuwa na viazi! Maneno ya moto yalisemwa kwa kupita tu, hayakukata shauri la mtu. Kinachofunga ni kile kilichokatwa: Nungunungu alishindwa!"

Wanyama wakanong'ona. Maneno ya Fisi yalikuwa na ujanja ndani yake.

Twiga akainamisha shingo ndefu mpaka uso wake ukakutana na uso wa Fisi. "Nungunungu alishindwa kwa nini?"

"Kwa sababu aliondoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... mvua zilipita."

"Nakuuliza mara ya tatu. Kwa nini?"

Fisi akajibu, "Kwa sababu aliondoka kwa hiari yake."

"Basi," akasema Twiga. "Maneno ya moto peke yake, hata tungeyaweka kando, hiari inabaki. Hiari ndiyo iliyolikata shauri lile. Ngiri alikuwa na hiari gani, na moto uko mkiani?"

Tembo akatamka hukumu. "Hatubadilishi neno la waliotutangulia. Tunalifuata lote. Ngiri anarudi kwake. Fisi ataziba alipobomoa, atafagia alipochafua, kisha atoke. Na kwa kuwa alilisikia neno zima akalileta nusu ili amdhulumu mwenzake, tangu leo hatalisema neno la baraza hili mbele ya hakimu yeyote." Akamgeukia Nyati. "Nawe hukukosea kulifuata neno la mlima. Siku nyingine uliza kwanza kama limeletwa lote."

Nyati akasema, "Nimesikia, bibi."

Wanyama wakashangilia. Nungunungu akabaki amesimama pale pale. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi, bibi? Mnaweza kulitazama tena la kwangu?"

Tembo akamwangalia kwa muda mrefu. Machozi yalimlenga. "Mzee wangu, la kwako lilikwisha. Tukilifungua tena kwa kuwa tunakupenda, hakuna shimo litakalokuwa na mwenyewe."

"Najua," akasema Nungunungu. "Nimeuliza tu."

Wakashuka bondeni pamoja. Kakakuona akamsogelea. Wote wawili waliona haya.

"Kile chumba cha nyuma," Nungunungu akauliza, "bado kinavuja?"

"Nilikiziba. Hakivuji sasa. Karibu uingie uone."

Nungunungu akasogea mpaka mlangoni pa shimo lililokuwa lake. Akainamisha pua, akanusa udongo. Ndani watoto wa Kakakuona walikuwa wanagombania kitu na kucheka. Akasikiliza. Hakuingia.

"Umelitunza vizuri," akasema.

Ngiri akamsihi, "Mzee, kaa na sisi. Nafasi ipo."

"Ahsante, mwanangu. Lakini hapo kwako, kila nikitoka nje nitakuwa naliona lile. Kule mwambani silioni, naliwaza tu. Nimezoea kuliwaza." Akaagana nao, akashika njia ya kilima, cha, cha, cha. Juu kabisa akasimama, akageuka kutazama. Kisha akateremkia upande wa pili.

Ngiri akaingia nyumbani kwake kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia. Watoto wakubwa wakaenda moja kwa moja kwenye pembe zao za zamani. Yule mdogo akasimama katikati, akanusa huku, akanusa kule.

"Mama," akasema, "mbona humu kunanukia kama wewe?"

Ngiri alilala chini, mgongo kwenye udongo mwekundu, akamvuta mwanawe karibu.

Na Fisi je? Mpaka leo akifungua mdomo kusema jambo, wanyama humkatiza: "Na nusu ya pili?" Naye hucheka tu na kwenda zake.

Ngano hii inatufunza kwamba hukumu ya jana ni njia ya wanaokuja leo. Anayeishika asishike mshindi peke yake, ashike na sababu ya ushindi. Na tukipita salama katika njia hiyo, tumkumbuke na yule aliyeshindwa ili ipatikane.

Hapo ndipo nimeitua.

— Tumeipokea!

Atakayeibeba aibebe nzima.

— Nzima!