Mkia Huku, Mikono Kule

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa mdomo!

Pakawa nta ya kuuzibia!

Haya, kila mmoja aweke kiganja mdomoni aape. Sitamwambia mama, sitamwambia jirani, sitamwambia hata mbuzi. Mmeapa? Vizuri. Mimi nami niliapa hivyo hivyo mbele ya aliyenihadithia. Sasa sogeeni niwaambie yote.

Jambo lenyewe bado halijatokea. Litatokea siku za mbele, nyinyi mkishakuwa na wajukuu. Lakini nitalisimulia kama lililokwisha pita, maana umbea wa kesho hauna utamu.

Basi, palikuwa na zimwi mmoja aliyeitwa Ngurumbi. Hakuna zimwi aliyemfikia kwa ukubwa. Akipiga chafya, mapaa ya vijiji vitatu yanaezuka. Mazimwi saba wa milimani wakaona mmoja mmoja hawamwezi. Wakashikana mikono, wakaapa kwamba akiguswa mmoja wameguswa wote. Watu wakawaita Wale Saba.

Katikati yao kulikuwa na kijiji cha Kitopeni.

Siku moja Ngurumbi akautandaza mkia wake upande wa machweo, mnene kama ukuta, Wale Saba wasipite. Wale Saba nao wakajipanga upande wa mawio, wameshikana mikono, Ngurumbi asipite. Mto ukabaki nje ya mkia. Mashamba yakabaki nje ya mikono. Mkia huku, mikono kule, watu katikati.

Ndani kulikuwa na kisima kimoja, nacho kilikuwa kinakauka.

Bi Nyamizi wa ukoo wa Kanga alikuwa na binti yake, Zawena, aliyejifungua mwezi huo huo. Zawena alikuwa hapati maji ya kutosha, na maziwa yakaanza kukatika. Mtoto akilia, sauti haitoki. Bi Nyamizi akapima kisima kwa kamba, akaona yamebaki maji ya siku tatu.

Mtu mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kutoka. Huyo ni Mzee Kapandila wa ukoo wa Nungunungu, tarishi. Mazimwi hawajui kuandika, wanangu. Zimwi akitaka kutuma neno, hulisemea ndani ya kibuyu, akakiziba kwa nta. Anayepelekewa akikizibua, sauti inatoka kama ilivyoingia. Kapandila alibeba vibuyu hivyo katika mkoba wa ngozi, na mkoba wa tarishi haukuguswa na mtu. Huo ulikuwa mwiko.

Siku ya kwanza akarudi, watu wakamzunguka kumuuliza mazimwi wanasemaje.

"Atakayeruka mkia anamezwa. Atakayepita chini ya mikono anakanyagwa. Vita ni kesho."

Watu wakajifungia ndani. Kesho ikaja, vita havikuja. Mkia huku, mikono kule, watu katikati.

Siku ya pili akarudi, wakamuuliza tena. Atakayeruka mkia anamezwa. Atakayepita chini ya mikono anakanyagwa. Vita ni kesho.

Bi Nyamizi hakujifungia. Alikaa kizingitini akimtazama Kapandila anavyopita. Akaona kijiji kizima mbavu zinahesabika, lakini Kapandila shavu linang'aa. Akapita karibu yake kama anayekwenda kisimani, akanusa. Ndevu zilinuka asali. Asali ilikuwa milimani tu, kwa Wale Saba. Na vidole vilinuka nyama ya moshi. Nyama ya moshi ilikuwa kwa Ngurumbi tu.

Akamwambia Zawena alichonusa. Zawena akamjibu, "Mama, utafanya nini? Mkoba wa tarishi ni mwiko."

"Mwiko kwa wote," akasema Bi Nyamizi, "ila kwa mtani wake."

Maana Kanga na Nungunungu walikuwa watani. Mtani msibani ana haki yake. Atakuvua kofia, atakula chakula chako, atakalia kiti chako, na wewe utacheka tu. Mtani hakasirikiwi msibani.

Siku ya tatu asubuhi, kiu ikamchukua Bi Mashavu, shangazi yake Kapandila. Msiba ukakaa uwanjani. Kapandila akarudi kutoka kwa mazimwi, akaketi mbele na mkoba wake mapajani, akajifuta macho makavu. Watu wakamuuliza. Atakayeruka mkia anamezwa, akasema. Atakayepita chini ya mikono anakanyagwa. Vita ni kesho.

Hapo Bi Nyamizi akaingia amevaa kanga kichwani kama kilemba cha mwanamume.

"Poleni, Nungunungu. Shangazi kafa kwa kiu na mpwa wake kanenepa kama kupe. Leo tarishi ni mimi."

Akaunyakua mkoba, akauvaa, akautembeza uwanjani kwa mwendo wa Kapandila, tumbo mbele. Watu wakaanza kucheka. Walikuwa hawajacheka tangu mkia utandazwe.

Kapandila naye angecheka, yangekwisha. Lakini aliruka akaukamata mkanda. "Lete huo, mwanamke!"

Hakuna aliyewahi kumwona mtu akimkasirikia mtani msibani. Wazee wakasimama mmoja mmoja.

Bi Nyamizi akavuta, Kapandila akavuta, mkanda ukakatika na mkoba ukapasuka. Kikaanguka kipande cha nyama ya moshi. Likaanguka sega la asali. Vikaanguka vibuyu, vingi, vyote bado vimezibwa kwa nta.

Bi Nyamizi akazibua kimoja. Sauti ya Ngurumbi ikatetemesha uwanja: "Enyi Saba, nimechoka. Mkia umekufa ganzi. Mkiachana mikono, nami nitaukunja."

Akazibua cha pili. Sauti saba zikatoka pamoja: "Ngurumbi, mabega yanatuuma. Ukikunja mkia, tutaachana mikono. Mbona hujibu?"

Akazibua cha tatu. Ngurumbi tena: "Mbona hamjibu? Tarishi anasema mnanoa meno."

Kivuli kikatanda. Watu wakainua macho. Upande wa machweo lilikuwa limeinama jicho moja kubwa. Upande wa mawio vilikuwa vimeinama vichwa saba. Wote walikuwa wamesikia sauti zao wenyewe.

Nyuma ya nyumba, mkia ukaanza kuburuzika. Zawena alikuwa wa kwanza kukimbilia mtoni, mtoto mgongoni.

Na Kapandila alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, mkanda uliokatika mkononi, asali kwenye ndevu, watu wote na mazimwi wote wakimtazama.

Hapo ndipo ninapomwacha, na hadithi yangu inakomea hapo hapo. Mkiona wakubwa wawili wamewabana katikati, msiwatazame wao tu. Mtazameni anayewapelekea maneno. Wote wakikonda na yeye akinenepa, fungueni mkoba wake mapema, kabla kisima hakijakauka.

Na kumbukeni, mmeapa.