Waziri Aliyetaka Kuchorwa Mkubwa

Zamani huko Bara Hindi, mchoraji wa karakana ya Sultani aliyemchora mtu yeyote mkubwa kuliko Sultani alikuwa akikatwa mkono. Waziri Daulat alilijua hilo, lakini alimwambia mchoraji Kesu, "Nichore mkubwa kumshinda Sultani, la sivyo utaozea gerezani."

Kesu akautazama mkono wake. "Mara tatu yake, bwana wangu?"

"Hata nne. Na masharubu usiyasahau."

Picha ilipofunuliwa barazani, Sultani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alichorwa amepanda tembo mnene, na tembo ana kilemba na masharubu ya Daulat.

"Waziri, mbona umenuna? Ulitaka uchorwe vipi?"

Daulat akainamisha kichwa. "Hivi hivi, Mtukufu."